Kabla Hujanunua Sapoti ya Mkono

Karibu kila duka la dawa la Dar es Salaam lina kile kitambaa cheusi cha kuvutika, kinachozungushwa kwenye kifundo cha mkono na kushikizwa kwa kinata. Mama aliyejifungua majuzi akiingia na kusema, "Dada, mkono unaniuma nikipiga pushapu, hata nikimwinua mtoto," ataulizwa swali moja tu: saizi gani? Atatoka na kitambaa hicho, tyubu ya dawa ya kuchua na vidonge vya paracetamol, mfukoni pamepungua shilingi elfu ishirini hivi. Wiki mbili baadaye mkono uko vilevile. Kitambaa hakina ubaya wowote. Tatizo ni kwamba kimenunuliwa kabla mwenye mkono hajajua kinachomuuma, maana maumivu ya mkono baada ya uzazi huja hasa kwa sura mbili, na kifaa kinachoifaa moja hakiisaidii nyingine.

Sura ya kwanza hukaa upande wa kidole gumba. Kano mbili zinazokiinua na kukitanua kidole hicho hupita kwenye ala nyembamba iliyo pembeni mwa kifundo. Ala ikinenepa, kano hukosa nafasi ya kuteleza, na kila ukishika au ukipinda kitu unasikia kama umechomwa. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliieleza hali hii mwaka 1895 na hospitalini bado inaitwa kwa jina lake. Kwa mama wengi huanza baada ya mwezi mmoja au mmoja na nusu tangu kujifungua. Kisa chake kikubwa ni namna tunavyomwinua mtoto: viganja chini ya makwapa yake, gumba zimetanuliwa kabisa, vifundo vimepindwa. Mtoto wa kilo 4 akiinuliwa mara 30 kwa siku, ni kilo 120 zimepita juu ya gumba zako kabla hujagusa chuma chochote cha mazoezi.

Kujipima ni bure. Kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole vingine, kisha pinda kifundo taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Hata mkono usio na tatizo huvutwa kidogo, kwa hiyo linganisha mikono yote miwili. Upande wenye tatizo utakufanya ukunje uso.

Sura ya pili ni ganzi. Mwili wa mjamzito hutunza maji mengi, na kifundoni kuna njia nyembamba ambamo mshipa wa fahamu hupita pamoja na kano za vidole. Panapovimba, mshipa hubanwa. Ganzi na mchomo hushika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, huku kidole cha mwisho kikisalimika. Huzidi usiku, mama akaamka anakung'uta mkono. Mara nyingi hali hii huanza miezi ya mwisho ya ujauzito, na kwa wengi hupungua yenyewe wiki au miezi kadhaa baada ya kujifungua, maji yanapotoka mwilini. Huyu ndiye mama anayeweza kusubiri bila kutumia pesa nyingi, ilimradi ganzi inapungua.

Sasa turudi dukani. Tarakimu nitakazotaja ni za kupangia bajeti kwa mtu wa Dar; Kariakoo utabishana bei, na Masaki hutabishana.

Kile kitambaa cheusi, ambacho unaweza kukitengea shilingi 5,000 hadi 15,000, kinatia joto na kukukumbusha usiutumie mkono ovyo. Hakizuii gumba kutanuka. Kwa mwenye maumivu ya De Quervain, hapo ndipo penye ugonjwa wote, na kitambaa kimepaacha wazi. Kwa mwenye ganzi ni kibaya zaidi kikikazwa, kwa sababu kinaongeza mbano juu ya mshipa ambao tayari umebanwa. Ndiyo maana nakihesabu kuwa bidhaa ghali kuliko zote katika makala haya: ni rahisi kukinunua, na wengi hununua mara mbili kabla ya kununua kinachofaa.

Mwenye ganzi anahitaji sapoti yenye kipande kigumu, cha chuma au plastiki, upande wa kiganja, inayoshika kifundo kikiwa kimenyooka. Huvaliwa usiku, kwa sababu usingizini ndiko tunakokunja mikono bila kujua. Itengee 20,000 hadi 40,000. Ukiipata yenye kipande cha chuma kilichopindwa kwenda nyuma, kama zilivyo nyingi, kichomoe na ukinyooshe kidogo kabla ya kukirudisha.

Mwenye maumivu ya gumba anahitaji sapoti yenye mkono wa ziada unaolizunguka gumba hadi karibu na kiungo chake cha juu, ili gumba na kifundo vitulie pamoja. Hii haipo kila duka. Itafute kwenye maduka ya vifaa tiba, hasa yaliyo karibu na hospitali kubwa kama Muhimbili, na uwe na shilingi 25,000 hadi 60,000. Ijaribu palepale dukani. Vidole vinne viweze kukunjika, ncha ya gumba iweze kugusa ncha ya kidole cha shahada, na pasiwe na mshono unaosugua pembeni ya kifundo. Ya kufua kwa mkono ndiyo bora, kwani itaingia maziwa, mate na uji kabla ya jioni. Kama mikono yote miwili inauma, jambo ambalo ni la kawaida, anza na ule unaouma zaidi. Kufunga yote miwili ukiwa peke yako na mtoto mchanga ni kutafuta ajali.

Hesabu ya muda nayo ni pesa. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Maumivu yakianza wiki ya tano, zimebaki saba. Sapoti ya gumba kwa kawaida huvaliwa kwa wiki tatu hadi sita, ikivuliwa kwa kuoga na kunyoosha vidole kidogo. Kwa hiyo anayeanza mapema anaweza kumaliza kabla ya kurudi kwenye kompyuta, mashine ya cherehani au meza ya sokoni. Anayesema "itapita tu" na kuendelea kupiga pushapu anarudi kazini na mkono ule ule, na huko hakuna atakayemwinulia kitu.

Kuhusu mazoezi yenyewe, sioni sababu ya kuyaacha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aliyejifungua, asiye na kizuizi cha kitabibu, afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, akianza kidogo kidogo. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari wake. Dakika 150 ni nusu saa mara tano, na zote zinaweza kuwa za kutembea kwa kasi, ufukweni Coco au kwenye barabara ya mtaani kabla jua halijachoma. Kutembea hakuulizi kifundo lolote. Mama mkwe akisema arobaini haijaisha, kutembea taratibu uani hakumtukani mtu.

Shida inaanzia kwenye mazoezi ya kuweka viganja chini. Kwenye pushapu na planki ya mikono iliyonyooka, kifundo hupindwa hadi karibu nyuzi 90 na kubebeshwa sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Mama ambaye tumbo lake bado halijarudisha nguvu huutupa uzito mwingi zaidi mikononi bila kujua. Hapa maduka ya vifaa vya michezo yana majibu ya kila bei, na majibu ya bure ni mazuri kuliko mengi ya hayo.

Ukuta ni bure. Pushapu ya kusimama, viganja ukutani kwa urefu wa kifua, inaondoa sehemu kubwa ya mzigo. Ukipata nguvu unahamia kwenye kaunta ya jikoni, kisha kwenye kiti kizito kisichoteleza. Planki ya kulalia viwiko inakiacha kifundo kipumzike kabisa, ingawa asiye na nguvu ya tumbo aianze kwa magoti. Kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi, kuinua makalio ukiwa umelala chali: mazoezi haya yote hayana habari na mkono, na ndiyo hasa yanayorudisha nyonga na mapaja.

Vile vishikio viwili vya kupigia pushapu, ambavyo unaweza kuvitengea 20,000 hadi 40,000, vinakiweka kifundo kikiwa kimenyooka, na kwa mwenye kifundo kinachouma kikipindwa ni pesa iliyotumika vizuri. Lakini vinataka gumba lishike kwa nguvu. Mwenye De Quervain atakuwa amehamisha maumivu kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kupiga pushapu kwa ngumi juu ya mkeka mzito kunafanya kazi karibu ileile bila malipo, ukiweza kuvumilia vifundo vya vidole.

Jambo linalonishangaza ni chupa za maji. Kila anayeshauri mazoezi ya nyumbani husema tumia chupa ya lita 1.5 kama chuma, kwa kuwa ni kilo 1.5 bila gharama. Kwa mkono mzima, sawa. Kwa gumba linalouma ni kati ya vishikio vibaya kabisa, kwa sababu chupa ni nene, inalitanua gumba, kisha inalitaka likaze likiwa limetanuka, sawasawa na kumshika mtoto makwapani. Dumu dogo lenye mpini mwembamba linashikika kwa vidole bila kulitesa gumba. Ukinunua vyuma, jozi ya kilo 2 yenye mpini mwembamba inatosha mwanzoni, na uviinue viganja vikitazamana. Yale mabonge ya chuma yenye mpini juu, yanayoegemea nyuma ya mkono ukiyapandisha, yaache kwanza. Yanagonga palepale penye ala.

Kama ningekuwa na shilingi 20,000 tu za vifaa vya mazoezi, ningenunua mipira ya kuvuta iliyoshonwa duara. Unaipitisha juu ya kifundo, kwenye mkono wa chini, na kuvuta bila kushika chochote. Mgongo, mabega, kifua, nyonga, vyote vinafanyiwa kazi gumba likiwa limelala ndani ya sapoti yake. Ada ya jimu ya mwezi mmoja, ambayo mijini inaweza kuanzia 50,000 na kupanda sana, inanunua mipira hiyo na sapoti nzuri ya gumba. Jimu ina faida moja ambayo nyumbani haipo: mashine za miguu na kifua zinazosukumwa kwa mkono wa chini au kwa mabega. Kabla ya kulipa, uliza kama zipo, na kama mkufunzi amewahi kumfundisha mama aliyejifungua. Akijibu kwamba maumivu ni udhaifu unaotoka, mshukuru na uondoke na pesa yako.

Kipimo cha kuendelea ni rahisi. Kwenye kumi, maumivu ya mbili au tatu wakati wa zoezi, yanayokwisha kabla ya kesho asubuhi, yanavumilika. Yakipita hapo, au ukiamka mkono ukiwa umekaza zaidi ya jana, punguza.

Hata hivyo mazoezi yanachukua nusu saa, na nyumbani kuna saa nyingine ishirini na tatu na nusu. Pesa nyingi zinazotumika kwa sapoti na dawa hupotea kwa sababu saa hizo hazikuguswa. Mwinue mtoto kwa kuingiza kiganja kimoja chini ya makalio na kingine nyuma ya shingo na mabega, viganja vikitazama juu, gumba zikiwa zimelala pamoja na vidole vingine. Ukinyonyesha, mwegemeze mtoto kwenye mto au kanga mbili zilizoviringwa, kichwa chake kikae kwenye mkono wa chini badala ya kiganja kilichopindwa. Mto maalumu wa kunyonyeshea wa makumi ya maelfu ni mzuri, ila hauna kazi ambayo mto wa kitandani na kanga haviwezi. Na simu, ile inayoshikwa kwa mkono mmoja gumba likipanda na kushuka wakati mtoto ananyonya, iweke chini.

Mbeleko inastahili kutajwa kivyake. Mtoto akishakaza shingo na kuweza kubebwa mgongoni, uzito wake huhamia kiunoni na mabegani, na mikono inabaki bure. Vibebeo vya mikanda vya dukani ni vizuri kwa mtoto wa kifuani, lakini kabla ya kulipa angalia vifungo vyake: vingine vinataka gumba libonye kwa nguvu kila unapofungua. Kanga inafungwa kwa fundo, na fundo linaweza kukazwa na mtu mwingine.

Kisha kuna nepi. Kukamua nguo ni kuvisokota vifundo viwili kwa nguvu, gumba likiwa limekaza, na hakuna zoezi la jimu linalofanana na hilo kwa kuchokoza ala ya gumba. Mwenye nepi za kitambaa anafikiria kuhamia za kutupa. Za shilingi 500, sita kwa siku, ni 3,000, yaani 90,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kinalipa sapoti nzuri na kinabakiza pesa ya kumwona mtaalamu. Njia ya katikati ni kufua bila kukamua: nepi ining'inizwe ikichuruzika, na jua la Dar litamaliza kazi. Wakati wa mvua, mwenye kukamua awe baba wa mtoto. Kukuna nazi na kusonga ugali viingie kwenye orodha yake pia, kwa wiki hizo chache.

Kwenye dawa, sitakaa sana. Paracetamol na ibuprofen zote zinakubalika kwa mama anayenyonyesha kwa vipimo vya kawaida, na ni za bei ndogo. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au presha iliyopanda asimeze ibuprofen bila kumuuliza daktari. Aspirini kwa ajili ya maumivu iachwe wakati wa kunyonyesha. Jeli ya diclofenac isiyo na jina kubwa hufanya kazi ileile kama yenye jina, na tofauti ya bei inaweza kuwa mara mbili au tatu. Dawa za kuchua zenye kuchoma na harufu kali huliwaza ngozi, lakini mkono huo huo ndio unaomshika mtoto usoni. Chochote unachopaka kisifike kwenye titi, na kisiwe mahali ambapo mtoto ataweka mdomo. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika kumi, haina gharama wala harufu. Bibi akija na maji ya moto ya kukanda, akande mgongo na miguu. Kusugua kwa nguvu palipovimba pembeni ya kifundo kunapazidisha.

Ikipita mwezi wa sapoti na uangalifu bila nafuu, pesa inayofuata iende kwa mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kwenda kwa vifaa vingine. Tenga 20,000 hadi 60,000 kwa kikao cha hospitali binafsi. Hospitali za umma huwa chini ya hapo, ila foleni nayo ina bei kwa mwenye mtoto mchanga. Vikao viwili vilivyotumika vizuri, kimoja cha kuchunguzwa na kufundishwa, kingine cha kusahihishwa baada ya wiki tatu, vina thamani kuliko kumi vya kuwekewa joto na mashine. Nenda na mtoto, au na kitu chenye uzito wake, ili aone unavyombeba. Mwenye bima aulize mambo matatu kabla ya kupanga foleni: kama fiziotherapia imo, kama inahitaji barua ya rufaa, na kama sapoti yenyewe inalipwa. Jibu la swali la tatu mara nyingi ndilo linaloumiza.

Sindano ya steroidi kwenye ala ya gumba huwasaidia wengi wa wenye De Quervain, mara nyingi kwa sindano moja au mbili. Pamoja na kumwona daktari, iandalie 50,000 hadi 150,000. Kwa jumla haimzuii mama kunyonyesha, ingawa dozi kubwa imewahi kupunguza maziwa kwa muda. Kuna jambo ambalo kwa ngozi yetu lisemwe wazi kabla ya sindano: mahali palipochomwa panaweza kupauka na kuacha doa jeupe, na nyama ya chini yake kubonyea. Mara nyingi rangi hurudi baada ya miezi, lakini doa la kifundoni linaonekana na kila mtu. Muulize daktari atatumia dawa ipi na kama ipo yenye hatari ndogo ya doa. Aliyekuwa na sukari wakati wa ujauzito amwambie pia, kwa sababu sindano hiyo inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Upasuaji wa kuifungua ala ni mdogo, wa ganzi ya mahali, na wengi hawafiki huko. Wengi wanaona nafuu mtoto anapokua na kunyanyuliwa mara chache.

Yapo maumivu yasiyofaa kulinganishiwa bei. Mkono mwekundu, wa moto, wenye homa. Ganzi isiyotoka mchana wala usiku, au nyama ya shina la gumba inayosinyaa. Viungo vingi vinavyokaza kila asubuhi kwa zaidi ya saa. Maumivu yaliyoanza kwa kuanguka. Na mikono iliyovimba ghafla pamoja na uso, maumivu makali ya kichwa au macho kuona ukungu katika wiki sita za kwanza, hiyo ni dalili ya presha ya uzazi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, sapoti ibaki nyumbani.